Gitaa na Kiswahili cha Katanga: Mchanganyo wa Tanzu katika Utunzi wa Mwenda Jean-Bosco

Ikisiri

Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa na mtunzi aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, anafahamika zaidi katika taaluma ya muziki kuliko katika taaluma ya Kiswahili. Wanamuziki wamechunguza vidole vyake. Wanaisimu wa Kiswahili kwa kiasi kikubwa wamempita. Makala haya yanaeleza namna utunzi wake ulivyochanganya muziki wa ala za jadi za Katanga, rumba ya Kuba na nyimbo za gitaa kutoka kusini mwa Afrika, na yanadai kwamba mchanganyo huo hauelezeki vizuri pasipo kuichunguza lugha aliyoitumia. Umbo la silabi, kukosekana kwa toni na mpangilio wa mkazo katika Kiswahili cha Katanga vinatazamwa kama nyenzo za utunzi. Makala yanahoji pia mazoea ya kuiita lugha hiyo Kiswahili kibovu.

Utangulizi

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyekuwa akizunguka na mitambo yake ya kurekodia, alimkuta katika mji wa Jadotville kijana wa takribani miaka 22 akipiga gitaa. Akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo zilizotokana na kukutana huko ulikuwamo "Masanga", ambao ulipata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini na zikauzwa kuanzia mijini mwa Katanga hadi Afrika Mashariki. Miaka tisa baadaye David Rycroft alianza kuchapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa sehemu mbili (1961, 1962) wa upigaji wa kijana huyo, akizinukuu nota zake moja baada ya nyingine. Ni nadra kwa mpiga gitaa wa Kiafrika wa kizazi hicho kushughulikiwa kwa umakini wa namna hiyo.

Umakini huo, hata hivyo, ulielekea upande mmoja. Anayesoma maandishi kuhusu Mwenda hukutana na gitaa kila ukurasa, na maneno hapa na pale. Lugha ya nyimbo hutajwa kwa sentensi moja, kwamba aliimba kwa Kiswahili na lugha nyingine za Katanga, kisha mjadala hurudi kwenye nyuzi. Upande wa pili, historia za fasihi ya Kiswahili zinapofika kwenye wimbo wa karne ya 20 hushughulikia taarabu ya pwani, muziki wa dansi wa Dar es Salaam na, kwa uchache, nyimbo za mijini Kenya. Katanga haipo. Mtunzi aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuueneza wimbo wa gitaa wa Kiswahili nje ya mipaka ya nchi yake amebaki katikati ya taaluma mbili, kila moja ikidhani kwamba mwenzake anamshughulikia.

Bunkeya, Jadotville na njia mbili za Kiswahili

Mahali alipozaliwa Mwenda si mahali pa kawaida katika historia ya Kiswahili. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara na mtawala aliyetoka Usumbwa, katika nchi ambayo leo ni magharibi mwa Tanzania, na aliyejenga dola yake Katanga katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wafuasi wake ndio Bayeke, na Mwenda ni jina la ukoo huo wa kifalme. Dola hiyo iliishi kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa, na misafara yake ilifika pwani zote mbili za bara. Wafanyabiashara wa Kiswahili walijulikana Bunkeya kabla Mzungu yeyote hajajenga nyumba huko. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Stairs, ambao wapagazi wake wengi waliajiriwa Zanzibar. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilisikika Bunkeya pamoja na bidhaa, kisha kikasikika tena siku ufalme ulipoanguka.

Ni rahisi, kutokana na habari hizo, kukitazama Kiswahili cha Katanga kama mabaki ya misafara. Fabian (1986) ameonyesha kwamba picha hiyo haitoshi. Kiswahili kilichoenea Elisabethville, Jadotville na kwenye makambi ya wachimbaji kilikuwa kwa sehemu kubwa zao la karne ya 20. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na pamoja nayo ukaja ushawishi wa Kiingereza na wa lugha ya migodini ya Afrika Kusini. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda na Urundi. Utawala wa Kibelgiji, uliokuwa na hofu na ushawishi wa Waingereza, ulikuwa na sababu zake za kupendelea lugha ya mashariki iwe lugha ya kazi. Wafanyakazi nao walikuwa na sababu zao. Kwa mtoto aliyezaliwa kambini kwa baba wa Kasai na mama Mbemba, Kiswahili hakikuwa lugha ya msafara wala ya bwana; kilikuwa lugha ya uani.

Mwenda alisimama penye makutano ya njia hizo mbili. Kwa ukoo alikuwa mtu wa Bunkeya, ambako Bayeke wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamia kwa kiasi kikubwa kwenye Kisanga. Kwa maisha ya kazi alikuwa mtu wa Jadotville, mji wa viwanda vya shaba. Nyimbo zake zinatumia lugha zaidi ya moja, lakini Kiswahili anachoimba ni kile cha mjini.

Vidole viwili

Mtindo wa Mwenda hupigwa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba hushika nyuzi nene na kutoa mapigo ya chini. Kidole cha shahada hubeba sauti ya juu. Aliyezoea gitaa la vidole vinne au vitano anaweza kudhani kwamba huo ni upungufu. Si upungufu. Kwa kuwa kila kidole kina kazi yake na kila kimoja kinaweza kuachiana na mwenzake, msikilizaji husikia mistari miwili inayojibizana, na mara nyingine wa tatu ambao haupigwi na kidole chochote bali huzaliwa masikioni kutokana na nota za mistari yote miwili. Gerhard Kubik na watafiti wengine wamelihusisha jambo hili na ala za vibati zinazopigwa kwa vidole gumba, kama likembe na kalimba, ambazo zilikuwa mikononi mwa vijana wa Katanga na nchi jirani kabla gitaa halijawa rahisi kununuliwa. Mpigaji wa likembe amezoea kugawa wimbo mmoja baina ya vidole. Akipewa gitaa, hana haja ya kufundishwa mgawanyo huo.

Mdundo nao una tabia hiyo hiyo. Katika "Masanga", jambo ambalo Rycroft alilishughulikia kwa kirefu, mapigo mara huweza kuhesabika kwa mbili na mara kwa tatu, na mpigaji huvuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine bila kutoa ishara. Jambo la pili alilolionyesha Rycroft, na ambalo lipo katika kichwa cha makala yake, ni kwamba Mwenda alibuni papo kwa papo. Wimbo uleule uliporekodiwa mara nyingine haukuwa uleule. Vipande vinavyotambulika vilirudi, lakini mpangilio na urefu wake vilibadilika. Wataalamu wa fasihi simulizi watalitambua suala hili mara moja: ni suala la matini isiyo na toleo moja sahihi, lililokwisha kujadiliwa kwa kina kuhusu tendi na ngano, ila safari hii limo katika nyuzi sita.

Juu ya msingi huo wa Katanga, Mwenda aliweka vitu vya mbali. Santuri za rumba na soni za Kuba, maarufu kwa jina la GV, zilianza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, na ishara zake zinasikika katika nyendo za besi na katika mpangilio wa kodi tatu ambao nyimbo nyingi zinauzunguka. Kutoka kusini zilikuja santuri za Afrika Kusini pamoja na nyimbo za gitaa za Kimarekani. (Nguvu ya hizi za mwisho isidharauliwe: mwaka 1950 Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wa Kenya wimbo "Chemirocha", ambao jina lake ni Jimmie Rodgers lililogeuzwa kwa matamshi ya wenyeji.) Kuna pia kumbukumbu ya nyimbo za kanisa la misheni, ambayo karibu kila mtoto wa Katanga wa kizazi hicho alikua nayo.

Kuorodhesha vyanzo hivyo si kazi ngumu. Swali gumu ni kwa nini mseto huo haukuparaganyika. Maelezo ya kawaida hutaja kipaji, na kipaji kilikuwapo. Lakini watu wengi wenye kipaji walisikiliza santuri zilezile na hawakutunga "Masanga". Sehemu ya jibu iko katika vidole, kama ilivyoelezwa. Sehemu nyingine iko mdomoni.

Irabu ya mu- na sauti ya mwimbaji

Tangu kazi ya Polomé (1968) kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi, sifa kuu za lahaja hii zinajulikana. Kiambishi awali cha ngeli ya kwanza na ya tatu hudumisha irabu yake: mutu, muke, muzuri, muti, badala ya mtu, mke, mzuri, mti. Kiambishi cha wingi wa watu ni ba-, kwa hiyo batu, batoto, banafika. Sauti h mara nyingi hudondoka, ikaacha apa na ii mahali pa hapa na hii. Mipaka ya l na r si thabiti. Viambishi ka- na tu- vya udogo, ambavyo Kiswahili sanifu kimeviacha, vinafanya kazi kila siku: katoto, tutoto. Neno njo, lenye asili ya ndiyo, hutumika kusisitiza. Baadhi ya sifa hizi zimo hata katika majina ya nyimbo yaliyochapwa kwenye santuri: "Kijana Muke" una irabu ya mu-, na "Tambala Moja" una l mahali ambapo kamusi ingeandika tambara.

Wanaozijadili sifa hizi kwa kawaida huuliza zimetoka wapi, na jibu ni kwamba nyingi zimetoka katika lugha za Kibantu zinazokizunguka Kiswahili huko. Kwa mchunguzi wa wimbo kuna swali jingine: zinafanya nini zinapoimbwa?

Chukua irabu ya mu-. Kwa hesabu ya mizani, mtu na mutu hazitofautiani. Zote zina mizani miwili, kwa kuwa m ya mtu ni nazali inayounda silabi. Mshairi wa pwani hahitaji irabu ili apate hesabu yake. Lakini nazali na irabu hazilingani pale sauti inapotakiwa kuvutwa, kupandishwa au kusikika juu ya ala. Nazali huimbwa midomo ikiwa imefungwa. Haiendi mbali, na haiwezi kugawanywa kwa urahisi juu ya nota mbili. Irabu u hufungua nafasi. Muke huwa na silabi mbili wazi, kila moja konsonanti na irabu, na silabi hizo hulingana na mdonoo wa gitaa: konsonanti ni kama ncha ya kidole inapogusa uzi, irabu ni uzi unapolia. Katika lahaja ambayo karibu kila silabi ina umbo hilo, mwimbaji anayejipigia mwenyewe, bila ngoma na mara nyingi bila mwenzake isipokuwa labda mtu anayegonga chupa, anapata matini inayotiririka sambamba na vidole. Ulinganifu huu hauthibitishi kwamba Mwenda alichagua lahaja kwa sababu hiyo. Hakuchagua, ilikuwa lugha yake ya mjini. Unaonyesha tu kwamba kile ambacho mhariri wa Kiswahili sanifu angekikata kama kosa kilikuwa na kazi katika utunzi.

Jambo la pili ni toni, na huenda ni zito zaidi. Kiluba, Kisanga na Kibemba ni lugha zenye toni. Katika lugha za namna hiyo mtunzi hana uhuru kamili juu ya mahadhi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Wimbo unaoipuuza toni moja kwa moja unaweza kueleweka vibaya au kuchekesha pasipokusudiwa. Kiasi cha utii kwa toni hutofautiana kati ya jamii na jamii na kati ya utanzu na utanzu, lakini shinikizo lipo. Kiswahili, cha pwani na cha Katanga, hakina toni za kutofautisha maana. Kina mkazo, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Matokeo yake kwa mtunzi wa Jadotville ni makubwa. Akitaka kuchukua mahadhi ya rumba, yaliyoundwa kwa Kihispania, au ya wimbo wa Kimarekani, na kuyavalisha maneno ya Kisanga, analazimika kupatanisha mwendo wa mahadhi na toni za kila neno. Akiyavalisha maneno ya Kiswahili, kizuizi hicho kinaondoka. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba silabi yenye mkazo haikai mahali dhaifu mno. Tena mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho unaafikiana vizuri na miisho ya mistari ya rumba, ambapo nota ndefu hufuatwa na fupi, kwani Kihispania nacho kina maneno mengi yenye mkazo mahali hapohapo. Kiswahili, kwa hoja hii, hakikuwa tu lugha iliyompatia Mwenda wasikilizaji wengi. Kilikuwa kiungo kilichoruhusu tanzu za kigeni kukaa juu ya vidole vya likembe bila kugombana na maneno.

Dai hili linaweza kupimwa. Nyimbo alizoimba kwa lugha zenye toni zipo pamoja na zile za Kiswahili, na kulinganisha mwendo wa mahadhi katika makundi hayo mawili ni kazi ambayo mwanafunzi wa uzamili mwenye sikio zuri na msaidizi mzawa wa Kisanga anaweza kuifanya kwa mwaka mmoja. Iwapo mahadhi ya nyimbo za Kisanga yatakutwa yanafuata toni kwa karibu na yale ya Kiswahili yakakutwa yanapaa kwa uhuru, hoja itakuwa imepata mguu wa pili. Yakikutwa yanafanana, italazimu ipunguzwe.

Nairobi na suala la Kiswahili kibovu

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, ambako mwenzake kutoka Katanga, Edouard Masengo, naye alifanya kazi. Mwenda alikuwa na kipindi chake redioni, na santuri zake zilikuwa zimemtangulia. John Low, katika historia yake ya muziki wa gitaa wa Kenya (1982), anaeleza uzito wa wageni hao kwa wapigaji wa Kenya wa wakati huo. Mtindo wa vidole uliostawi miongoni mwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, ambao George Mukabi na John Mwale ni majina yake makubwa, una undugu ulio wazi na ule wa Katanga, hata kama una sauti yake.

Wapenzi wa muziki huueleza undugu huo kwa vidole tu. Lakini hebu itazamwe lahaja. Mwaka 1930, mwaka aliozaliwa Mwenda, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kufikia miaka ya 1950 Kiswahili sanifu kilikuwa lugha ya vitabu vya shule na ya taarifa za habari za redio ya Nairobi. Kisha katika redio hiyohiyo akasikika mtu anayesema muke na batoto. Kwa mtangazaji mwenye cheti, hilo lilikuwa kosa. Kwa msikilizaji wa Kiluhya halikuwa geni hata kidogo: lahaja nyingi za Kiluhya zina ba- au aba- katika wingi wa watu, na mu- yenye irabu kamili ndiyo matamshi ya kawaida ya Kiswahili cha bara nchini Kenya mpaka leo. Kijana wa Kisa au Maragoli aliyemsikiliza Mwenda alisikia Kiswahili kilichotoka mbali na bado kikafanana na kile alichokisema yeye mwenyewe kazini, kile alichoambiwa shuleni kwamba si Kiswahili. Inawezekana kabisa kwamba alichojifunza kwa Mwenda hakikuwa tu namna ya kutumia kidole gumba, bali pia ruhusa ya kutunga kwa Kiswahili chake.

Ikiwa ndivyo, basi istilahi ya Kiswahili kibovu, ambayo imetumika kwa lahaja za Kongo tangu enzi za wamisionari na bado hutokea hata katika tasnifu, haimdhulumu Mwenda peke yake. Inaficha mkondo mzima wa historia. Kiswahili hakikusafiri kutoka mashariki kwenda magharibi mara moja na kukomea huko. Kilirudi, katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kikiwa na ba- na mu-, na kikasaidia kuzaa wimbo wa mijini wa Kenya. Mwanahistoria wa fasihi anayeanza na ushairi wa pwani na kufuata mstari wa usanifishaji hataukuta mkondo huo, kwa kuwa haukupita shuleni. Kuna kinaya kidogo katika hilo: tanzu za fasihi simulizi husifiwa kwa uhalisi wa lahaja zake zinapokusanywa kijijini, na lahaja hiyohiyo husahihishwa inapotoka kwenye spika.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Inaweza kusemwa kwamba mashairi ya Mwenda, yakiondolewa gitaa, ni mepesi: majina ya watu na miji, ushauri, malalamiko ya mapenzi, vipande vinavyorudiwarudiwa. Ni kweli kwamba mtu akiyaweka kando ya shairi la Muyaka ataona tofauti ya uzito wa maneno. Lakini kipimo hicho kinachukua kazi ya utanzu mmoja na kuidai kwa utanzu mwingine. Urudiaji unaochosha kwenye karatasi ndio unaompa mpigaji nafasi ya kubadilisha kilicho chini yake. Maneno hukaa mahali pamoja ili vidole visogee. Anayeyachapisha maneno peke yake amechapisha nusu ya wimbo, kama vile Rycroft, kwa uzuri wote wa kazi yake, alivyochapisha hasa nusu ya pili.

Baada ya 1960

Uhuru wa Kongo, kujitenga kwa Katanga kati ya 1960 na 1963 na vurugu zilizofuata vilibadilisha mazingira. Gitaa la umeme na bendi kubwa za Léopoldville, zilizoimba kwa Kilingala, zilishika masikio ya nchi, na mpigaji mmoja mwenye gitaa kavu akaanza kuonekana mtu wa zamani. Mwenda hakuwa mtu wa kuishi kwa muziki pekee. Alifanya kazi za ofisi, zikiwemo za benki na za kampuni ya migodi, akaendesha bendi na biashara. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Miji nayo ilibadilika majina mwaka 1966, Elisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi. Jimbo likaitwa Shaba mwaka 1971, kwa neno la Kiswahili. Na sera ya uhalisi ya Mobutu ilipowataka raia waache majina ya Kikristo, Jean-Bosco akabaki Mwenda wa Bayeke. Jina la kisiasa likawa limemrudisha Bunkeya.

Low alimfuata Shaba na kujifunza kwake, na shajara ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1982. Mwaka 1988, mjini Cape Town, Mwenda alirekodi tena, na kanda hizo zikatolewa Marekani mwaka 1994. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, kwa ajali ya gari nchini Zambia mwanzoni mwa muongo huo.

Rekodi za Cape Town zina thamani ya pekee kwa mwanaisimu, kwa kuwa ziko mbali na zile za Tracey kwa miaka 36. Ni mwimbaji yuleyule, na baadhi ya nyimbo ni zilezile. Kati yake amepita mtu aliyekaa Nairobi, aliyefanya kazi katika kampuni inayotumia Kifaransa, na aliyeishi katika jimbo ambalo Kiswahili chake kimepata wazungumzaji wazawa wa kizazi cha pili na cha tatu. Je, h zilizodondoka zimerudi? Je, mu- imebaki kila mahali, au inabadilika kulingana na nota inayoibeba? Kwa sasa matini zinazopatikana ni zile zilizonukuliwa na wasikilizaji ambao si wazungumzaji wa Kiswahili cha Katanga, au na Waswahili wa mashariki waliosahihisha walipokuwa wakiandika. Katika nakala za namna hiyo mtu hukuta mke ambapo sikio linasema muke, na jedwali lolote litakalojengwa juu yake litakuwa na kasoro tangu safu ya kwanza. Unukuzi mpya, unaofanywa Lubumbashi au Likasi na watu wa huko, unahitajika kabla ya hesabu yoyote. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani, kwa upande wao, hujifunza "Masanga" kutoka katika vitabu vinavyoonyesha kila kidole kikae wapi, mahali pa maneno pakiwa patupu.